Tulisema Tumeelewa

Jumatatu, 2 Septemba

Mbegu za maharage tangu asubuhi. Zenye matundu pembeni, hizo zitaliwa. Mvua bado. Mgongo unauma.

Saa nne mwanangu Goreti akapiga simu kutoka Gitega. Yeye hapigi saa za kazi, kwa hiyo nikaogopa. Kumbe furaha. Kile kikundi chake cha kompyuta kimempa kazi ya kuandika upya maelekezo ya wageni. Yeye! Binti wa kijijini Gashoho, aliyejifunza herufi kambini, ukimbizini Tanzania, akiwa amekalia ndoo.

Niandike alivyonieleza, maana watu wananiuliza nami najibu tu kwa kujitutumua. Kuna watu duniani wanatengeneza programu za kompyuta na kuzitoa bure. Lakini programu ikitoka kwa mtengenezaji ni muhogo uliong'olewa leo, bado si chakula. Lazima mtu aichukue, aisafishe, aifunge kifurushi, aandike juu yake inahitaji nini na nini. Ndipo kompyuta ya mtu mwingine inaipokea bila kugoma. Kikundi cha Goreti ndio wafungaji. Hawalipwi, kila mmoja ana kazi yake nyingine ya kumlisha. Wako nchi mbalimbali, hawajuani sura. Mwaka wa tatu sasa yumo.

Maelekezo waliyonayo ni mabovu, anasema. Mgeni anakuja na moyo wa kusaidia, anasoma, anakwama, anaondoka bila kuaga. Goreti ayaandike upya, Kiingereza na Kiswahili. Yakifaulu atawekwa kati ya wale wanaoaminiwa, wanaokagua vifurushi vya wenzao na kuvipitisha. Wale ni wachache. Mrundi hayumo hata mmoja.

Nilipomaliza kuongea naye nilikuta nimechanganya mbegu nzuri na mbovu. Nikaanza upya. Sikukasirika hata kidogo.

Jumanne, 3 Septemba

Nimewaambia kwaya nzima. Nimemwambia na muuza chumvi, ambaye hakuniuliza.

Jumapili, 8 Septemba

Baada ya misa Goreti tena. Rasimu imekwisha. Anataka watu wa kuijaribu, na hataki wajuzi. Anataka wasiojua. "Mama, nahitaji mtu atakayekwama, halafu aniambie amekwama wapi."

Nikamwambia umempata, ni mimi.

Akacheka. Kisha akasema sawa, kweli, mama utafaa sana. Sikupenda ile "sana".

Nimewapata wengine wawili. Mwajuma wa Muyinga mjini, ana sekretariati yake karibu na msikiti, kopi na barua za watu, kompyuta mbili. Mumewe ni fundi cherehani. Ni rafiki yangu wa miaka mingi na ulimi wake ni wembe. Na Evariste, mwalimu wa shule ya msingi hapa kwetu. Tulirudi lori moja kutoka Tanzania, yeye akiwa kijana wa sekondari.

Watatu. Goreti amesema watatu wanatosha.

Jumamosi, 14 Septemba

Asubuhi kazi za jumuiya, tumechimba mfereji wa barabara. Nikanawa miguu, nikavaa kitenge cha sherehe, mimi na Evariste tukaenda Muyinga.

Mwajuma alikuwa amefunga mlango kwa ajili yetu. Alichapa karatasi za Goreti. Hatua tisa. Chini ya kila hatua swali: Je, umeelewa? Ndiyo. Hapana. Na mahali pa kuandika ulipokwama.

Sasa niseme ukweli, daftari hili halina mdomo.

Hatua ya kwanza, nzuri. Ya pili inasema ufungue folda ya mradi. Folda zilikuwa nyingi na hakuna iliyoandikwa mradi. Mwajuma akafungua moja, tukaenda nayo. Ya tatu sawa. Ya nne sikumbuki hata ilisema nini. Ya sita ndiyo iliyoniua. Unaandika amri kwenye lile dirisha jeusi, unabonyeza, halafu imeandikwa: ikikamilika, endelea na hatua ya saba. Nikabonyeza. Maandishi yakaanza kupanda mbio, Kiingereza kitupu, siafu waliomwagiwa maji ya moto. Yakasimama. Tukatazama. Hayakusogea tena.

"Imekwisha?" Evariste akauliza.

"Mi naona imechoka," Mwajuma akasema. "Hii kitu iko inakimbia namna hiyo, we usingechoka?"

Akabonyeza tena. Mstari mpya mtupu ukatokea. Akasema bon, imekwisha. Ya saba inahusu kutuma, na Goreti alituambia tusitume kitu, tusome tu. Tukasoma hadi ya tisa.

Kisha karatasi. Mwajuma akasema yeye hatajaza, vidole vyake vimechoka na barua za watu. Evariste akanisogezea na ya kwake. Nikajaza zote tatu. Mwandiko wangu si wa kubahatisha, darasa la saba mwalimu mkuu aliuonyesha darasa zima. Na kambini foleni nzima walinipa fomu zao niwajazie.

Nilipofika swali la hatua ya pili kalamu ilisimama. Nikamtazama Evariste. Evariste akatazama dari.

"Andika Ndiyo, Mama Goreti," Mwajuma akasema. "Mtoto wako ametumia akili yake yote hapa. Mi sitaki kuonekana ng'ombe mbele ya mtoto wa mwenzangu."

Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Tisa, mara tatu. Herufi zimesimama wima, zote sawasawa. Evariste akapiga picha kwa simu yake, akamtumia.

Tulikunywa chai ya tangawizi. Tulicheka sana.

Jumapili, 15 Septemba

Goreti: "Mama, hakuna aliyekwama? Hata mmoja? Hata kidogo?"

Hakuna.

"Hata hatua ya sita? Ile niliiogopa."

Hata ya sita mwanangu. Umeandika vizuri, hata mtoto angeelewa.

Sauti yake ikapanda ikawa ile ya utotoni. Nilifurahi kuisikia. Hapo sikujuta. Nijute nini, nimempa mtoto moyo.

Ijumaa, 27 Septemba

Mvua. Hatimaye. Nimepanda mistari kumi na minne kabla mikono haijakataa.

Na leo maelekezo yametoka hadharani! Yale ya zamani yameondolewa, yamewekwa ya Goreti. Chini kabisa ameandika shukrani kwa watu watatu wa Muyinga walioyajaribu. Jina langu liko huko. Nimemwuliza linaonekana nchi gani, akasema zote. Zote! Nimemwuliza tena ili Mama Nadine wa kwaya, aliyekuwa amesimama kwangu akikwepa mvua, asikie kwenye simu. Akasikia. Alikunja mdomo.

Picha za zile karatasi zetu nazo amewaonyesha wakubwa wa kikundi. Nikauliza wamesema nini juu ya mwandiko. Akasema hawajasema kitu.

Jumatano, 2 Oktoba

Palizi kwa jirani. Maharage yangu yameota vizuri kuliko ya wote upande huu wa mlima. Si majivuno, yanaonekana.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimempigia Goreti. Sauti kavu. Nikauliza umekula, akasema nimekula. Nikauliza maelekezo yanaendeleaje, akasema yanaendelea. Mtoto anayejibu kwa kurudisha swali lako ana jambo.

Ijumaa, 11 Oktoba

Simu haipokelewi. Nimejaribu mara nne.

Jumapili, 13 Oktoba

Amesema.

Wageni wamekuja wengi, kuliko kawaida. Wamefika hatua ya sita wamekwama. Wengine hawakujua kwamba wamekwama, na huo ndio ubaya. Maandishi yalisimama kwa sababu kuna kitu kilipungua, wao wakadhani kazi imekamilika, wakaenda ya saba, wakatuma. Vifurushi vitupu. Jina nje, ndani hamna kitu. Wakaguzi wamekaa wiki nzima kuvirudisha kimoja kimoja. Wageni wameona aibu, wameondoka. Na waliobaki wanagombana.

Halafu mmoja wa wale wakubwa ameandika mbele ya wote. Amezitazama picha za karatasi zetu. Ndiyo ishirini na saba, na Hapana hakuna hata moja. Hakuna binadamu anayesoma hivyo, amesema. Na karatasi zote tatu mkono ni mmoja. Ameuliza kama hawa watu wa Muyinga wapo duniani, au Goreti amewaandika mwenyewe mezani kwake.

Goreti amewajibu kwamba wapo. Amewaapia.

"Mama, mbona mwandiko unafanana?"

Nikasema mtandao mbaya, sikusikii. Nikakata.

Nimekata simu ya mwanangu.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikwenda shamba. Nimekaa mlangoni. Mvua ndogo ya kuudhi.

Kila nikifikiri naona ile sura ya mtu wa meza, kambini, siku ya kuandikisha wanaorudi. Kijana wa shati la kola. Alisoma masharti mbio mbio, karatasi mbili nzima, kisha akainua kichwa: Mmeelewa? Tulioitikia tulipigiwa muhuri. Waliosema hapana waliambiwa wasimame kando, wataelezwa baadaye. Baadaye haikufika. Lori lilijaa likaondoka. Mama yake Evariste alikuwa kando. Aliuliza swali moja tu, kuhusu godoro. Akaja kwa safari nyingine, miezi imepita, akakuta mumewe, aliyetangulia nasi, amezikwa.

Tangu hapo kwetu sisi tuliorudi, mtu akiuliza mmeelewa, jibu linatoka lenyewe. Komini, kwa wakubwa wa serikali, tumeelewa. Zahanati tumeelewa, halafu dawa tunakunywa kwa kukisia. Nimewaona akina mama wanatoka kwa daktari wanaulizana njiani amesema nini. Mimi ni mmoja wao, na sauti yangu ndiyo huwa ya juu kuliko zote.

Kwa hiyo si kwamba nilitaka kudanganya. Lakini nilidanganya. Yote mawili ni kweli na moja halifuti lingine.

Jumatano, 16 Oktoba

Mazoezi ya kwaya. Mama Nadine akauliza mbele ya wote, haya, binti yako mwalimu wa dunia hajambo? Nikasema hajambo, kazi nyingi na sifa nyingi. Nimeimba vibaya.

Najichukia.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimemfuata Evariste kwanza. Alikuwa anasahihisha madaftari. Nikamweleza yote. Akaweka kalamu chini, akasema, "Mama, mimi ni mwalimu. Kila siku nawauliza watoto mmeelewa, wanaitikia ndiyo, nami naendelea na somo." Kalamu hakuishika tena.

Kisha Muyinga kwa Mwajuma, nikamweleza naye yote. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alizima mashine ya kopi.

"Sasa tunyamaze," akasema. "Itapita. Kila kitu inapita."

Nikasema wamemwita mtoto mwongo.

"We ulimwambia aape? Mi sikumwambia aape."

"Wewe ndiye uliyesema niandike Ndiyo."

"Mi nilisema. Na mkono iko ya nani?"

Tulitupiana maneno kama watoto wa kisimani. Mteja akasukuma mlango na kitambulisho chake mkononi, akatuona, akarudi nje. Mwisho Mwajuma akakaa. Akasema wateja wake wanaleta barua za komini awasomee, na zingine haelewi, anawasomea hivyo hivyo kwa sauti nzuri wanaondoka wameridhika. Alisema akitazama sakafu. Miaka yote hii sikujua.

"Nenda Gitega," akasema. "Simu usipige. Jambo hili halipiti kwenye simu. Mwambie na mi sikuelewa. Mwambie jina langu, lote."

Jumanne, 22 Oktoba

Nimetoka alfajiri, nikapita Karuzi. Nimebeba maharage makavu na siagi ya ng'ombe, kama mtu anayekwenda kuposa. Nilifika Gitega kabla ya saa sita, nikamngoja kwenye ngazi ya nyumba aliyopanga chumba.

Alikuja kwa mapumziko ya mchana. Amekonda. Akaniona akasimama, akadhani kuna msiba. Nikasema hakuna aliyekufa. Tukaingia. Akawasha mkaa, akateleka chakula. Mimi siwezi kula na neno kooni. Nikasema hapo hapo, akiwa amenipa mgongo.

"Goreti, hatua ya sita sikuielewa."

Mkono wake ukasimama.

"Na nyingine?"

"Ya pili. Ya nne. Ya tano nilidhani naielewa. Mwajuma pia. Evariste pia."

"Na karatasi?"

"Niliandika mimi. Zote."

Nilitaka anipigie kelele. Alikaa kitandani, taratibu, kama mtu aliyetembea mbali. Akasema, "Mama, waliponiita mwongo niliwaapia. Niliwaapia kwa jina lako."

Sufuria ilichemka ikafurika, hakuna aliyeinuka.

Baadaye akauliza kwa nini. Nikamweleza habari ya mtu wa meza. Nilidhani haikumbuki, alikuwa na miaka sita. Akasema anaikumbuka. Alikuwa ameshika ncha ya kitenge changu.

"Watu walikuwa wanalia pale kando," akasema. "Mimi sikuogopa. Nilijiambia mama ameelewa. Mama anaelewa kila kitu."

Hilo ndilo lililonivunja. Nimelia kwa sauti, mtu mzima mimi, jirani akagonga kuuliza.

Goreti hakulia. Alifuta jiko. Akarudi kazini na njaa.

Jumatano, 23 Oktoba. Gitega

Asubuhi nilimwambia niwaandikie. Barua, kwa mkono wangu, ili waone ni mkono ule ule. Akafikiri. Akanipa karatasi.

Nimeandika kwa Kiswahili, naye akageuza kwa Kiingereza. Nimesema mimi ni mama yake, nipo duniani, naishi Gashoho, nalima. Nimesema tulikwama na tulikwama wapi. Hatua ya pili, folda gani? Ya sita, nitajuaje kwamba imekamilika? Mpika ugali akiuona anajua umeiva, lakini mgeni asiyewahi kuula atajuaje? Mwambie utaonekanaje, mwambie na usioiva unaonekanaje. Nimesema mwanangu hakudanganya, alidanganywa, na aliyemdanganya ni mimi. Mstari huo niliuandika mara tatu, karatasi mbili nikazichana.

Amepiga picha, ametuma.

Nimefua mashuka yake yote. Hayakuwa machafu.

Alhamisi, 24 Oktoba. Gitega

Wamejibu. Yule mkubwa ameomba radhi kwamba alimwita mwongo. Ameiomba mbele ya wote, hiyo namheshimu. Wengine wamesema barua imewafundisha.

Lakini maelekezo ya Goreti wameyaondoa. Wamerudisha yale mabovu, mpaka hapo watakapoona vinginevyo. Na ile nafasi ya wanaoaminiwa amepewa mwingine. Wamesema Goreti hana kosa, ila alipaswa kushtuka alipoona Ndiyo ishirini na saba. Mkaguzi lazima ashtuke.

Nikasema wakatili. Akasema, "Hapana mama. Wamesema kweli." Akavaa viatu akaenda kazini.

Ni afadhali wangesema uongo.

Jumapili, 27 Oktoba

Nimerudi Gashoho jana. Maharage yameliwa na panya mstari mzima wa juu. Sawa.

Baada ya misa nikawakusanya wanakwaya nje. Nikawaambia jina langu limeondolewa, kwa nini, na nani mwenye kosa. Nilisema haraka haraka nisije nikapunguza. Mama Nadine alinitazama muda mrefu. Nikangoja dongo. Akasema tu, "Pole, Mama Goreti." Ningependa dongo.

Nilipoondoka nilisikia mmoja anamwuliza mwenzake, kifurushi ndicho nini hasa? Mwenzake akajibu kwamba yeye alielewa tangu siku ya kwanza.

Jumatano, 30 Oktoba

Goreti amepiga. Maneno machache. Anaandika tena, hajaambiwa na mtu. Ameondoa lile swali chini ya kila hatua. Mahali pake ameandika utakachokiona kikifaulu, na utakachokiona kikishindikana. Jumamosi wiki ijayo anakuja Muyinga.

Nikamwambia nitajaribu tena na safari hii nitasema kila kitu. Nimeapa.

Akasema, "Usiape, mama. Uje tu."

Jumamosi, 9 Novemba

Baada ya kazi za jumuiya, kwa Mwajuma. Sikuvaa kitenge cha sherehe. Evariste alikuja amechelewa, akasalimia kwa kichwa. Mwajuma hakutania hata mara moja. Chumba kilikuwa na harufu ya wino.

Goreti alisafiri jana, amelala kwa Mwajuma, hakuja kwangu Gashoho. Alisema ni kwa sababu ya mvua. Mvua haikunyesha jana. Alinisalimia vizuri, kwa mikono miwili, ameniletea sukari.

Akaniweka kwenye kompyuta ya dirishani. Akanipa karatasi. Yeye akachukua kigoda akakaa nyuma yangu, bega la kushoto, na daftari magotini. Akasema nifanye tu, nisiseme chochote, na yeye hatasema.

Hatua ya kwanza nikaenda. Ya pili folda imetajwa kwa jina lake, nikaipata. Nilitaka kugeuka nimwambie. Sikugeuka.

Ya tatu nikasimama. Neno moja tu, sikujua ni lile lililoko juu au lile la chini. Mikono yangu ikashuka mapajani. Nilikaa hivyo kitambo. Maneno yalinijia mdomoni, ya kujitetea, ya kucheka, ya kusema nimeona nimeona. Nikayameza. Nje mtu alikuwa anapatana bei ya viazi.

Goreti alikuwa amezoea kuniuliza kama nimeelewa. Leo hakuniuliza. Nadhani hataniuliza tena, si kwa hasira, kazi inataka hivyo. Nyuma yangu nikasikia kalamu yake inaanza kuandika.